Fundi, kijiti cha indiketa hakikai kulia

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina Volkswagen Beetle ya 1969 aliyoniachia marehemu baba. Nikitaka kupinda kulia, kijiti cha indiketa hakikai. Nikikiachia tu kinarudi katikati, basi hapa mjini naendesha nimekishikilia kwa kidole. Kushoto kinakaa, lakini hakirudi chenyewe hata nikishanyoosha usukani, na taa za upande huo zinapepesa haraka haraka. Haya yote yameanza baada ya kupeleka gari gereji kutengeneza honi. Sasa fundi mwingine ananiambia nibadilishe waya za gari zima. Nifanyeje?
*Binti wa mzee, Raskazone, Tanga*

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu mzee. Waya za gari zima ziache zilivyo. Gari lenye waya mbovu kiasi hicho lisingekuchagulia kulia likakuachia kushoto.

Mimi nimeshika hapo uliposema honi. Katika Beetle waya wa honi unapita ndani ya nguzo ya usukani, na anayeutafuta mara nyingi huishia kuung'oa usukani. Kwa chini usukani huo una pete yenye ulimi. Ukimaliza kona na kurudisha usukani, ulimi unagonga kidole kidogo ndani ya swichi ya indiketa, na kijiti kinaruka katikati. Ndiyo maana wakati wa kurudisha usukani matairi yawe yamenyooka na kijiti kiwe katikati kabisa. Kikiwa kimelala upande mmoja, ulimi unakaa juu ya kidole, fundi anakaza nati, na kitu kinavunjika humo ndani bila yeye kusikia. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwako. Kulia, kile kinachokishika kijiti kimekatika. Kushoto, ama kidole hakipo, ama usukani umekaa vibaya na ulimi haukifikii. Ukiwa kwenye barabara iliyonyooka, tazama usukani wako: umelala upande? Kama umelala na zamani haukuwa hivyo, hiyo ni dalili nyingine.

Kabla hujanunua swichi, hakikisha. Fuata waya zinazotoka kwenye kijiti. Utaona mmoja mweusi wenye mistari ya kijani na nyeupe, huo unaleta umeme kutoka kwenye flasha, kile kidude kinachofanya taa zipepese. Mweusi wenye mstari wa kijani unakwenda taa za kulia, na mweusi wenye mstari mweupe za kushoto. Kama kuna mtu alishaunga waya za rangi nyingine, na kwa gari la umri huu sishangai, zifuate kwa testa. Chomoa ule wa flasha na ule wa kulia, washa swichi ya gari, uziunganishe kwa kipande cha waya. Taa za kulia zikipepesa vizuri, waya na flasha ni wazima na ugonjwa uko kwenye kijiti. Mwite huyo wa waya za gari zima aje aone.

Kufungua si kazi kubwa. Toa kwanza waya wa betri. Bandua kifuniko cha honi, chini yake kuna nati ya 27. Kama usukani haukuwa umelala upande, weka alama ya rangi juu yake na kwenye mhimili wake ili urudi palepale. Usukani ukigoma, uvute huku ukiutikisa. Nyundo ikae mbali. Ukikuta kipande kimevunjika, usikubali kigundishwe. Gari likishinda juani hapa Tanga, gundi hiyo haifiki mbali. Tafuta swichi nzima, na uende dukani na ile ya zamani mkononi, kwa sababu zilibadilika mwaka hadi mwaka, na zile zenye waipa hapohapo kwenye usukani ni za baadaye, hazitakufaa.

Kupepesa haraka ni kesi nyingine kabisa. Globu moja ya kushoto imekufa, au haipati ethi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia bodi. Unakaa karibu na bahari, kwa hiyo anza na taa iliyo juu ya bawa la mbele: toa globu, piga msasa kikombe chake na pale taa inapogusa bodi, paka grisi kidogo. Globu mpya iwe ya wati 21, na usome betri yako kwanza, maana Beetle za miaka ile ziko za volti 6 na za volti 12.

Mpaka swichi ipatikane, ukipinda kulia toa mkono dirishani, bodaboda wakuone. Beetle za Ulaya za kabla ya 1960 zilikuwa na kimkono chao kilichochomoza ubavuni. Wewe utatumia wako.

SWALI: Fundi, nimeweka globu za LED kwenye indiketa za Land Rover ya zamani. Zinawaka moja kwa moja, hazipepesi.
*Msomaji, Pangani*

JIBU: Flasha yako ni ile ya joto. Umeme wa globu za wati 21 unapasha kibati ndani, kinajikunja na kukata, kikipoa kinashika tena. LED zinakula umeme kidogo mno, kibati hakipati moto. Nunua flasha ya elektroniki iliyoandikwa kuwa ni ya LED, au rudisha globu zako za zamani. Mimi ningerudisha.