Bwawa la Kuogelea Ni Safi, Mbu Wanatoka Wapi?

SWALI: Mtaalamu, nyumbani kwetu Karen tuna bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, urefu mita 8, upana mita 4, kina cha wastani mita 1.5. Kwa sababu ya bili ya stima tunawasha pampu Jumamosi na Jumapili pekee, na siku nyingine tunalifunika kwa turubai. Maji ni maangavu, lakini tangu mvua za vuli zianze hatuwezi kukaa barazani jioni kwa sababu ya mbu. Fundi anashauri tuongeze klorini maradufu. Mtunza bustani anasema tumwage oili chafu ya gari juu ya maji. Jirani naye ana jengo lililosimama katikati ya ujenzi. Tumsikilize nani? – Mama Nyumba, Karen

JIBU: Mama, nakuomba usimsikilize yeyote kati ya hao wawili, na nianze na oili kwa kuwa ndiyo yenye hasara kubwa zaidi. Ni kweli kwamba utando wa mafuta huua viluwiluwi wa mbu, kwa sababu huwanyima hewa wanayoivuta juu ya maji. Lakini katika bwawa la kuogelea oili hiyo hunasa kwenye mchanga wa chujio, hushika kwenye vigae, na siku mtakapobadilisha maji itaishia mferejini na hatimaye mtoni.

Kuhusu klorini, fundi wako anachanganya mambo mawili. Kiwango kinachofaa waogeleaji, yaani miligramu 1 hadi 3 kwa kila lita huku pH ikiwa kati ya 7.2 na 7.8, kimekusudiwa kuua vijidudu na kuzuia mwani. Viluwiluwi wanaweza kustahimili kiwango hicho, na ukikipandisha hadi kiwaue kwa uhakika utakuwa umepita mbali kile ambacho macho na ngozi za watoto zinaweza kuvumilia. Klorini husaidia kwa njia ya kuzunguka: maji yasiyo na mwani wala majani yaliyooza hayana chakula cha kiluwiluwi, na kwa hiyo mbu jike hana sababu kubwa ya kutaga humo.

Sasa tuhesabu siku, kwa sababu hapo ndipo bwawa lako linapojitetea. Mbu hupitia hatua ya yai, kiluwiluwi na pupa ndani ya maji kabla ya kuruka. Kwenye joto la Mombasa safari hiyo inaweza kumalizika ndani ya siku kumi au chini yake. Nairobi, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 na yenye maji ya baridi, huchukua wiki mbili au zaidi. Siku zenu tano za kuzima pampu hazitoshi kuzalisha mbu hata mmoja, mradi wikendi maji yazungushwe vizuri na uchafu wa juu uvutwe kwenye skima, yaani mdomo wa ukingoni unaonasa vitu vinavyoelea. Ndiyo maana ninashuku zaidi vitu vilivyo kando ya bwawa kuliko bwawa lenyewe.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni turubai. Likilegea katikati, mvua huliachia dimbwi, na kipindi hiki maua ya mjakaranda hudondoka humo yakaoza mpaka maji yakawa na rangi ya chai. Maji hayo hayapitii chujio wala hayaguswi na klorini iliyo chini yake, na ni ya aina ileile inayopendwa na mbu wa Culex, ambaye ndiye msumbufu mkubwa wa usiku jijini. Chukua kopo jeupe, nenda asubuhi, na uchote ukingoni bila kuangusha kivuli chako juu ya maji, maana viluwiluwi wakiona kivuli huzama mara moja. Tulia kidogo, kisha utazame ndani ya kopo. Ukiona vijidudu vinavyoning'inia kichwa chini, mkia ukiwa umegusa uso wa maji, hao huenda ni Culex. Wanaolala sambamba na uso wa maji ni Anopheles, jamii ya mbu waenezao malaria. Kitu cheusi kinachoelea, kidogo kama punje ya masizi, huenda ni mayai ya Culex, ambayo hutagwa yakiwa yameshikana kwa mamia.

Rudia kipimo hicho kwenye shimo la pampu, kwenye kikapu cha skima, kwenye gata zilizoziba, kwenye sahani za vyungu vya maua na kwenye tangi la maji ambalo mfuniko wake haukai sawasawa. Halafu kagua shimo la maji taka, kwani sehemu kubwa ya Karen hutegemea mashimo ya nyumba kwa nyumba. Ufa mdogo kwenye zege au bomba la hewa lililo wazi latosha kutoa mbu mwaka mzima bila mtu kuwaona wakitoka. Ziba ufa kwa saruji na ufunge mdomo wa bomba kwa wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 1.5. Kazi hii haipendezi, lakini kwa maoni yangu inaleta nafuu kuliko dawa yoyote ya kupuliza, ambayo huua mbu wanaoruka jioni hiyo na kuwaacha walio majini.

Turubai lifungwe likiwa limekazwa, na baada ya kila mvua maji yaliyo juu yaondolewe. Pampu nayo nisingeiacha siku tano, hata kama hesabu ya mbu inaruhusu, kwa sababu mwani hausubiri wikendi. Bwawa lenu lina mita za ujazo 48. Ikiwa pampu inasukuma mita za ujazo 10 kwa saa, saa tano hivi zinatosha kuzungusha maji yote mara moja. Saa hizo zigawanywe kila siku, nyingine ziangukie jioni, na midomo ya kurudishia maji ielekezwe juu kidogo ili uso wa maji utikisike. Mbu wa Culex hutaga usiku, tena anapenda maji yaliyotulia. Pembe zilizo nyuma ya ngazi, ambako mkondo haufiki, zisuguliwe kwa brashi.

Msije mkalikausha bwawa mkidhani mmemaliza tatizo. Maji ya mvua yatakayokusanyika upande wa kina kirefu, bila klorini wala pampu, ndiyo yatakayozaa mbu kweli.

Pale ambapo maji hayawezi kuondolewa wala kufunikwa, tumieni Bti, ambayo ni bakteria inayoharibu utumbo wa kiluwiluwi akiila, na isiyodhuru watu, mbwa wala samaki ikitumiwa inavyoelekezwa. Iwekeni mapema, kwa kuwa pupa hali chochote na hivyo haimdhuru, na mnunue iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu. Barazani wekeni feni ya kawaida. Mbu huruka kwa shida palipo na upepo.

Kuhusu jirani, mwende kwanza kwake na kopo lenu jeupe, kwani mara nyingi mwenye jengo hajui kwamba shimo la lifti au pipa la kuchanganyia saruji limejaa maji. Asipochukua hatua, mpelekeeni taarifa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu mazalio ya mbu kuwa kero, na afisa huyo ana mamlaka ya kumwamuru mwenye kiwanja ayaondoe.