Ukihama jimbo na gari lako, usikate bima ya zamani kabla ya kurudisha vibao

Ndugu zangu mnaohama kutoka Buffalo, Syracuse au Rochester kwenda Texas, nina ombi moja kabla hamjafunga mizigo: bima ya New York isikatwe mpaka vibao vya namba vya New York viwe vimesharudi New York. Nimehama kwa njia hiyo na familia yangu, na tangu nifike Houston nimekuwa nikiwasindikiza jamaa zangu kwenye madirisha ya ofisi. Wengi ni Wakongomani waliokuja Marekani kama wakimbizi, na gari ndilo mali yao ya kwanza kubwa yenye jina lao. Ada wanazimudu, foleni wanaivumilia. Kinachowagharimu ni kuanza na jambo lililopaswa kuwa la mwisho.

Sisi tuliotoka Tanzania au Kenya tumezoea gari kuandikishwa na mamlaka moja ya taifa, TRA au NTSA, na ukihama kutoka Mwanza kwenda Tanga hakuna anayekuuliza. Marekani kila jimbo lina daftari lake na sheria zake. Ukishavuka mpaka, gari bado ni la New York kisheria hadi uliondoe huko wewe mwenyewe. Na New York inataka gari lenye vibao vyake liwe na bima ya New York. Bima ya Texas, hata iwe nzuri namna gani, haihesabiki kwao. Kampuni ikifuta bima yako, taarifa inafika kwa kompyuta DMV, idara ya magari ya New York. DMV ikiona bima haipo na vibao havijarudi, inachukulia kwamba una gari barabarani lisilo na bima.

Hapo ndipo barua inapoanza safari. Pengo lisipozidi siku 90, kwa kawaida unaweza kulipa faini ili usajili usisimamishwe: dola 8 kwa siku kwa siku 30 za kwanza, dola 10 kwa siku kwa 30 zinazofuata, na dola 12 kwa siku hadi kufikia 90. Jumlisha zote, ni dola 900. Likizidi siku 90, leseni ya udereva nayo inaweza kusimamishwa, na jimbo jipya litaliona hilo siku utakapoomba leseni kwao.

Baba mmoja wa Kivu Kusini, jirani yangu hapa, aliambiwa na wakala wa bima, "Mzee, ya nini kulipia bima mbili? Ile ya zamani ifute." Akaifuta kwa simu jioni ileile, vibao vya New York vikiwa bado kwenye gari. Barua ilikwenda kwenye nyumba aliyokuwa amehama, ikakaa kwa waliomfuata, na ilipomfikia deni lilikuwa limeshakua. Yule wakala hakuwa na nia mbaya. Alijua sheria za Texas, hakujua za New York. Kwa hiyo badilisheni anwani posta na DMV kabla ya kuondoka, na mwenye kuwashauri muulizeni anaongelea jimbo lipi.

Sasa tuje kwenye bima mpya, kwa sababu ndiyo inayotangulia. Bila bima ya Texas hutasajili gari. Na kama una gari, ofisi ya leseni itakutaka uonyeshe kwamba umelisajili Texas. Bima, usajili, vibao vya zamani virudi, bima ya zamani ikatwe, halafu leseni. Piga simu kwa kampuni uliyonayo wiki kadhaa kabla ya kuhama, uulize kama wanafanya kazi Texas. Wakiwa wapo, waombe mkataba mpya uanze siku unayofika, na ule wa zamani uachwe hai mpaka utakapowaambia. Ndiyo, kuna siku utalipia pande mbili. Lipa. Ni nafuu kuliko dola 8 kwa siku, na ukifuta, malipo ya siku ambazo hukuzitumia kwa kawaida hurudishwa.

Wape anwani ya kweli ambako gari linalala usiku. Najua baadhi yetu huacha anwani ya shemeji kwenye mji wenye bei ndogo. Ajali ikitokea, kampuni ina sababu ya kukataa kulipa, na hapo hasara ni ya familia nzima.

Jambo ambalo ningependa kila mtu alielewe ni tofauti ya bima zenyewe. New York ukiumia garini, bima ya gari hilo inalipa matibabu bila kusubiri kujua mwenye kosa, na kiwango cha chini kabisa ni dola 50,000 kwa kila mtu. Texas haiko hivyo. Huku anayelipa ni aliyesababisha ajali, na sheria inamtaka awe na angalau dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na 25,000 kwa mali aliyoharibu. Siku moja tu hospitali inaweza kuzimaliza hizo 30,000. Na hiyo bima ndogo haikutibu wewe wala haitengenezi gari lako kama kosa ni lako.

Kinga ya matibabu yako mwenyewe ipo Texas pia, inaitwa PIP. Kampuni inalazimika kukupa ya angalau dola 2,500, isipokuwa ukiikataa kwa maandishi. Vivyo hivyo kinga dhidi ya dereva asiye na bima. Na tazama namna kukataa kunavyofanyika: wakala anakupa bei nzuri kwenye simu, anakutumia karatasi kwa barua pepe, unaweka sahihi kwa kidole hapa, hapa na hapa, ukiwa kazini kwenye mapumziko ya dakika kumi. Kurasa mbili kati ya hizo zinasema kwamba umekataa PIP na umekataa kinga ya dereva asiye na bima. Bei imeshuka kwa sababu hiyo. Nimekaa mezani na mama mmoja tukazisoma kurasa hizo moja moja, akanyamaza, kisha akampigia wakala kumwambia azirudishe zote mbili. Ana watoto anaowapakia kila asubuhi. Nawasihi, kama Kiingereza cha mkataba kinakuchosha, mtafute mtu akusomee kabla ya sahihi.

Bima kubwa kwa hapa ina sehemu mbili zinazonunuliwa mbalimbali: ya kugonga, na ya mengine yote kama wizi, moto, mafuriko na mvua ya mawe. Kwa Texas hiyo ya pili msiidharau. Dallas mvua ya mawe inaweza kuliacha boneti lote na mashimo, na Houston wanaokumbuka kimbunga Harvey cha 2017 wanajua magari mangapi yalizama. Mwenye bima ndogo tu hapati kitu. Na kama gari lina mkopo, hiari hiyo huna: benki itazitaka sehemu zote mbili, na jina lake liandikwe kwenye mkataba mpya. Wasipoona hivyo, wanaweza kukununulia bima yao ya bei kubwa inayolinda deni lao, wakaiongeza kwenye deni lako.

Usajili wenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyouogopa. Una siku 30 tangu uhamie. Unakwenda ofisi ya kodi ya kaunti, siyo DPS, idara inayotoa leseni za udereva Texas, wengi hukosea hapo wakapanga foleni ya bure. Beba hati ya umiliki, kitambulisho, karatasi ya bima ya Texas na fomu 130-U ya kuombea hati na usajili wa Texas, uliyoijaza nyumbani. Kama hati iko kwa benki, chukua kadi ya usajili ya New York na upige simu kwanza uulize ofisi ya kaunti yako inataka nini zaidi. Ukaguzi wa usalama wa magari ya kawaida ulifutwa kuanzia tarehe 1 Januari 2025, kwa hiyo asiwepo karakana wa kukutoza pesa za kukagua, ingawa ada ya dola 7.50 iliyochukua nafasi yake bado unailipa unaposajili. Kilichobaki ni kipimo cha moshi katika kaunti za miji mikubwa, kama Harris, Dallas, Tarrant na Travis.

Ada ya mwaka ya gari dogo ni dola 50.75, juu yake yapo malipo madogo ya kaunti na hati mpya. Kodi ya mkazi mpya ni dola 90, nayo inachukua nafasi ya kodi ya mauzo ya asilimia 6.25. Hiyo ni nafuu kubwa, lakini ni kwa gari lililokuwa na jina lako huko ulikotoka. Kama gari liliandikwa jina la mwingine, kwa Texas hiyo ni kuhamisha umiliki. Mzazi, mtoto, mume au mke, kaka au dada wa damu wanaweza kukupa kama zawadi kwa kodi ya dola 10. Mtoto wa baba mdogo au rafiki uliyekuja naye kutoka kambini hahesabiki, hata mmelelewa sahani moja. Lisawazisheni hilo mkiwa bado New York.

Ukimaliza, unapewa vibao na stika pale pale dirishani. Kuondoa vya zamani nako kuna kazi yake. Chumvi wanayomwaga barabarani Buffalo kila majira ya baridi hula skrubu mpaka kichwa kinakuwa laini, bisibisi inazunguka tu. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, ujaribu asubuhi. Piga picha vibao vyote viwili, jaza fomu PD-7 ya DMV ya kurudishia vibao, vifunge kwenye bahasha ngumu na utume kwa posta yenye namba ya kufuatilia. Wanakurudishia risiti inayoitwa FS-6T. Ikishafika mkononi, ndipo unaipigia kampuni ya zamani kufuta bima. Risiti hiyo itunze pamoja na hati zako za uhamiaji.

Leseni una siku 90. Miadi ya DPS ihifadhi mtandaoni mapema, maana nafasi hujaa. Mwenye leseni hai ya New York aliyefikisha miaka 18 hafanyi mtihani wa maswali wala wa kuendesha, anapimwa macho tu. Anaikabidhi ya zamani, anapewa mpya. Kwa asiye raia, hakikisha jina kwenye kadi ya makazi au kibali cha kazi linafanana herufi kwa herufi na hati nyingine, kwa sababu majina yetu matatu huandikwa kila ofisi kwa mpangilio wake.

Wanaokwenda kwingine, siku zinabadilika: Florida inakupa 10 kusajili gari ukishaanza kazi, California 20. Florida, Maryland na North Carolina nazo ni kama New York, vibao kwanza halafu bima, kwa hiyo anayehama kutoka huko afuate mpangilio uleule. Na E-ZPass yako, kile kifaa cha kulipia barabara ulichotumia New York, haisomeki kwenye barabara za kulipia za Texas. Futa namba ya vibao vya zamani kwenye akaunti hiyo, ufungue ya huku ukiwa na namba mpya.