Jibu: Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

Mkuu, umeuliza kama 4,294,967,297 ni tasa, kwa kuwa haigawanyiki kwa 2, 3, 5 wala 7. Siyo tasa, ila usijilaumu: mwanahisabati Fermat mwenyewe aliamini ni tasa, hadi mwanahisabati mwingine, Euler, alipoivunja mwaka 1732.

Usianze kujaribu namba moja moja. Ungetakiwa kujaribu namba tasa zote hadi kipeuo chake cha pili, 65,536 na kidogo, na chini ya hapo zipo 6,542. Utakesha! Iangalie kwanza ilivyoumbwa: ni 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Euler alionyesha kwamba kigawo tasa cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 64 (yaani 64 mara namba nzima), jumlisha 1. Kwa hiyo unajaribu 193, 257, 449, 577, halafu 641. Hiyo ya tano inaingia bila baki: 641 × 6,700,417.

Hiyo 6,700,417 nayo ni tasa, basi vigawo vyote ni vinne tu, pamoja na 1 na namba yenyewe. Mengine ni mepesi: ni witiri, na ni jumla ya vipeo viwili vya pili, 65,536² + 1².

Kikokotoo cha tarakimu nane hakitakufaa, gawanya kwenye karatasi.