Maswali na majibu: Vera Menchik, bingwa wa kwanza wa sataranji wa wanawake

Huyu Vera Menchik ni nani hasa? (Mzazi, Wete)

Ni bingwa wa kwanza wa dunia wa sataranji kwa upande wa wanawake. Alizaliwa Moscow mwaka 1906, baba Mcheki, mama Mwingereza. Baba ndiye aliyemfundisha kucheza akiwa na miaka tisa. Mwaka 1921 alihamia Hastings, Uingereza, pamoja na mama yake na mdogo wake Olga; Vera mwenyewe Kiingereza hakijui. Mwaka 1927, London, yakafanyika mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa wanawake. Alicheza mechi 11, akashinda 10, moja sare. Taji hilo hakuna aliyemvua mpaka anakufa.

Kuwafunga wanawake wenzake sawa. Wanaume je, aliwaweza? (Kijana, Chake Chake)

Aliwaweza, ndugu yangu, na hili ndilo linalonifanya nimpende. Mwaka 1929 alialikwa kwenye mashindano ya Karlsbad, Chekoslovakia, mwanamke peke yake kati ya vigogo. Albert Becker wa Vienna akafanya mzaha: atakayefungwa na Vera aingizwe katika "Klabu ya Vera Menchik". Becker huyo huyo akawa mwanachama wa kwanza! Sitaficha kwamba Vera alishika mkia katika mashindano hayo. Lakini mwaka huo huo, kwenye mashindano ya Ramsgate, Uingereza, aligawana nafasi ya pili na Akiba Rubinstein, mmoja wa vigogo wa wakati ule, nyuma ya Capablanca tu, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Baadaye alimfunga Max Euwe mara mbili, na Euwe akaja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1935. Angeridhika na taji la wanawake, nani angemlaumu? Yeye aliendelea kukaa mbele ya waliomzidi, akifungwa na kufunga.

Sataranji si haramu? (Msomaji, Mkunazini)

Maulamaa wamekhitilafiana. Katika madhehebu ya Shafi, tunayofuata wengi wetu Visiwani, kauli mashuhuri ni kuwa ni makruhu, si haramu, maadamu hakuna kamari na sala haipitwi na wakati wake. Kwa undani zaidi muulize sheikh wako.

Alikufaje? (Mwanafunzi, Mkoani)

Tarehe 26 Juni 1944 bomu la kuruka la Wajerumani liliangukia nyumba yao Clapham, London. Walikufa wote watatu: Vera, mama yake na Olga. Alikuwa na miaka 38, bado bingwa. Kiti chake kilibaki wazi hadi Lyudmila Rudenko alipotwaa ubingwa katika mashindano ya Moscow ya 1949–50. Siku hizi timu ya wanawake inayoshinda Olimpiadi ya sataranji hukabidhiwa kombe lenye jina la Vera Menchik.

Binti yangu ana miaka kumi, anapenda kucheza na kaka zake. Shangazi zake wanasema si mchezo wa mtoto wa kike. Nifanye nini? (Mama, Michenzani)

Mama, mwache acheze, tena na hao hao kaka zake. Vera alipata mwalimu hodari, Géza Maróczy wa Hungaria. Wewe ulizia skuli kama yupo mwalimu anayeujua mchezo. Mnunulie daftari aandike kila hatua ya mechi, kisha wakae waitazame upya, hasa aliyofungwa. Shangazi waambie kazi za nyumbani na chuo havitaachwa, na usimamie hilo. Na hao kaka zake uwaonye: wasimwachie ashinde.