Swali la Lugha: Kaulizwa mandhari, akasifu bahari

SWALI: Assalaam aleikum mwalimu. Mwanangu yuko Gredi ya 6 huku Likoni, Mombasa. Kwenye zoezi la ufahamu aliambiwa, "Eleza mandhari ya kisa hiki." Akaandika: "Mandhari ni ya kupendeza sana, kuna bahari na minazi." Akapewa sifuri. Swali lililofuata lilitaka maudhui, na la baada yake dhamira. Yote mawili akayajibu "umaskini", na la dhamira likakatwa. Mimi kwa Kiswahili changu cha nyumbani naona kajibu sawa. Kosa li wapi?

JIBU: Wa aleikum salaam, mama. Kosa la mandhari naliona. Hilo la dhamira, nusu yake si la mtoto.

Katika maongezi yetu mandhari ni yale macho yanayoyaona mtu akisimama mahali. Ndivyo wanavyolitumia wanaowatembeza watalii pale Ngome ya Yesu, na ndivyo asili yake ilivyo: limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama, uliotupa pia nadhari. Kwa hiyo mwanao hakulizua. Ila darasa la fasihi limelivuta neno mbali zaidi. Huko mandhari ni mahali na wakati kisa kinapotokea, pamoja na hali inayowazunguka wahusika. Kupendeza si sharti. Chumba chenye kunguni, saa nane za usiku, umeme umekatika: hayo ni mandhari kamili.

Nimetunga kipande kifupi. Kisome naye:

"Alfajiri ile mvua ilikuwa haijakatika. Mwanahamisi alisimama kivukoni Likoni na kapu lake la mahamri, mguu mmoja ukiwa na ndara, mwingine mtupu. Feri ilikuja taratibu, ikapiga miayo, ikameza watu. Alijisukuma akaingia. Leo akichelewa tena, mamake kule Marikiti hatakuwa na cha kuuza, na jioni hakutakuwa na unga."

Muulize kisa hiki kinatokea wapi, na lini. Watoto wengi watasema "Likoni" kisha waweke kalamu chini. Jibu hilo ni nusu. Kuna alfajiri, kuna mvua, kuna msongamano wa kivukoni, na vyote vinamwathiri msichana yule. Kama kifungu cha mwanao kilikuwa na bahari na minazi, basi alikuwa karibu sana na jibu. Angeandika "ufuoni mwa bahari, wakati wa jioni", au wakati wowote uliotajwa, akaacha sifa.

Wahusika hawana tabu: Mwanahamisi na mamake, hata kama mama hatumwoni. Kule kupiga miayo tu hakuifanyi feri kuwa mhusika hapa. Hiyo ni tashihisi, yaani kisicho na uhai kupewa tendo la kiumbe hai. (Kwenye ngano za Sungura na Fisi mambo ni mengine, kwani wanyama wale wanapanga, wanasema na wanadanganya. Ni wahusika kamili.) Msuko, ambao vitabu vingine huuita ploti, ni jinsi tukio moja linavyozaa jingine.

Sasa tuje kwenye maudhui na dhamira, hapa ndipo penye kazi. Maudhui ni mambo yanayozungumziwa ndani ya kisa. Katika kipande changu kuna umaskini, bidii, na mtoto kubebeshwa majukumu ya wakubwa. Dhamira ni nia ya mwandishi. Tunasema mtu amedhamiria jambo akishaliazimia moyoni, na dhamira ya mwandishi ni kitu hicho hicho: alikusudia kufanya nini alipoketi kuandika? Mimi nilikusudia kuonyesha jinsi riziki ya nyumba nzima inavyoweza kumwangukia mtoto. Mwenzangu angeweza kuchukua msichana huyo huyo, feri hiyo hiyo na umaskini huo huo, akakusudia kuwasifu watoto wanaowasaidia wazazi wao. Tungelingana kwa maudhui, tukapishana kwa dhamira.

Kwa mtoto wa Gredi ya 6 kuna njia rahisi ya kujipima. Maudhui hutajwa kwa nomino: umaskini, urafiki, ufisadi. Dhamira ianze na kitenzi: kuonyesha, kukemea, kutahadharisha, kuhimiza. Akiona ameandika "umaskini" kwenye nafasi ya dhamira, ajue hajamaliza, umaskini umefanywaje? Tena swali likisema "taja", neno linatosha. Likisema "eleza", atoe sentensi na aonyeshe ni wapi kifunguni alikoliona jambo hilo. Naona walimu hawalisisitizi hili vya kutosha, wanamwachia mtoto abahatishe.

Kwa nini basi nikasema nusu ya kosa si lake? Kwa sababu vitabu vyenyewe havikubaliani. Maelezo niliyokupa ndiyo yaliyozoeleka shuleni huku Kenya. Tanzania uchambuzi huanza kwa kuigawa kazi ya fasihi sehemu mbili, fani (yaani ufundi wa kuiunda kazi) na maudhui. Ndani ya maudhui ndimo wanamoiweka dhamira, ikiwa na maana ya wazo au jambo linalojitokeza katika kazi, pamoja na ujumbe, migogoro, msimamo na falsafa ya mwandishi. Mwanafunzi wa Tanga akiandika "dhamira: umaskini" anapata alama yake. Wa Likoni anakatwa, na hakuna kati yao anayesema uongo.

Vitabu vya pande zote mbili vinapatikana mjini humu, na vingi hupita mkono kwa mkono bila jalada. Kwa hiyo kabla ya kukaa na mwanao kudurusu, fungua kurasa za mwanzo utazame kimechapishwa wapi. Kikiwa cha Dar es Salaam, akitumie kwa hadithi zake, na maana ya dhamira aifuate ya daftari la darasani.