Maswali kwa kine (mtaalamu wa tiba ya viungo): nguvu ya mguu haipimwi kwa macho

*Mimi ni motari (dereva wa pikipiki ya abiria) wa Majengo. Nilivunjika paja, radio (picha ya eksirei) inaonyesha mfupa umeunga. Nimepigwa masaji muda mrefu. Paja limekonda, ila nikipima kwa futi ya fundi cherehani tofauti ni sentimita mbili tu. Nirudi kazini?*

Bado. Radio imekupa habari za mfupa, haijasema lolote juu ya msuli. Nayo futi inazunguka kila kilichomo ndani ya paja: msuli, mafuta, uvimbe, mfupa. Msuli ukipungua, mafuta na maji yakajaza nafasi yake, futi itakudanganya. Hizo sentimita mbili huenda zinaficha upungufu mkubwa kuliko unavyodhani. Ukitaka kuendelea nayo, lala chali, legeza mguu, na pima kila mara umbali uleule juu ya pia ya goti.

Jambo lenyewe ni nguvu. Muulize kine wako: mguu huu unasukuma kilo ngapi, na ule mzima ngapi? Kama hakuandika namba siku ya kwanza, leo anakadiria tu. Wenzangu, nawaomba tuache kuandika "anaendelea vizuri" kwenye fishi ya mgonjwa (karatasi ya matibabu yake) bila namba hata moja. Mgonjwa analipa, familia inauza mbuzi, na hakuna anayejua kama msuli umeongezeka.

Kuhusu masaji: inaweza kutuliza maumivu, haijengi msuli. Msuli unajengwa na uzito unaoongezwa kidogo kidogo. Motari huweka mguu chini kila anaposimama, juu ya mawe ya volkano, akiwa na abiria mgongoni. Mguu dhaifu utamwangusha yeye na abiria.

*Niko stazi (mafunzo ya kazi) ya kine. Niliandika nguvu ya msuli 4 kwa wagonjwa watatu, msimamizi akasema 4 yangu haina maana. Kwa nini?*

Msimamizi ana haki. Kipimo cha 0 hadi 5 kilitoka Uingereza, kwa Medical Research Council, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya majeruhi wa mishipa ya fahamu. Kwa mgonjwa wa namna hiyo bado ni kizuri sana: 0 hakuna kitu, 1 msuli unashtuka tu, 2 kiungo kinasogea ukikiondolea uzito wake, 3 kinajiinua chenyewe. Baada ya hapo kila kitu kinategemea mkono wako. Kijana anayesukuma chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) anaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu za paja na bado akakushinda, nawe ukaandika 5. Kati ya 4 na 5 ndipo wagonjwa wetu wengi wanapopotea.

Tumia dinamometa ya mkononi, kifaa cha kupimia nguvu ya kusukuma. Kama kituo hakina, chukua mashine ya tansio (ya kupimia shinikizo la damu) yenye saa: kunja mkanda wake, upulize hadi 20, funga hewa, mgonjwa asukume kwa nguvu zake zote, soma namba ya juu kabisa. Inaishia 300, kwa hiyo msuli wa paja wa mtu mwenye nguvu utaipita, lakini kwa bega, kiwiko na mkono inafaa, tena haihitaji umeme. Andika mgonjwa alikaaje, goti lilikunjwa kiasi gani, na uliweka kifaa wapi. Ukikiweka katikati ya muundi leo na karibu na kifundo kesho, namba itabadilika wakati msuli ni uleule.

*Ekografi (picha ya ultrasound) ya msuli inaonyesha nguvu?*

Hapana, inaonyesha unene na hali ya nyama yake. Wiki za kwanza za mazoezi nguvu hupanda kabla msuli haujanenepa, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuuamsha vizuri zaidi. Picha ikibaki ileile, usikate tamaa. Na anayepima asikandamize: akibonyeza sana, msuli unaonekana mwembamba.

*Nilipasuliwa ligamenti ya goti, miezi sita imeisha. Nicheze Jumapili?*

Hapana. Swali hili linakuja kila mara, na kila mara bila kipimo hata kimoja. Miezi si kipimo cha msuli. Utafiti uliotolewa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kungoja, hadi mwezi wa 9, ulipunguza kuumia tena kwa goti kwa karibu nusu. Zaidi ya muda, msuli wa mbele wa paja ufikie angalau 90% ya mguu wa pili. Hapo pia kuna mtego: mguu usioumia nao hudhoofika ukiwa umepumzika, kwa hiyo upimwe kabla ya operesheni. Makocha mnaowaita vijana mapema kwa sababu ya mechi moja, mnawaharibia magoti.

*Baba ana miaka 74, shida yake ni miguu. Kine akamkamulisha mashine kwa mkono. Ni pesa ya bure?*

Si ya bure, mama. Nguvu ya kiganja inadokeza hali ya misuli ya mwili mzima. Wataalamu wa Ulaya mwaka 2019 waliweka mpaka wa udhaifu: chini ya kilo 27 kwa mwanaume, 16 kwa mwanamke. Nyumbani mpime hivi: kiti imara kilichoegemezwa ukutani, mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano, na mtu awe karibu naye. Akizidi sekunde 15, nguvu za misuli zimepungua. Msimwache alale siku nzima kwa kumheshimu. Asimame, atembee, ale sambaza (samaki wadogo wa ziwani) na maharage.

*Naweza kukutumia video ya mguu kwa WhatsApp unipime?*

Hapana. Lakini kama shavu la mguu limevimba ghafla, lina joto na linauma, usisubiri kine wala masaji, nenda hospitali leo: inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa.