Nywele zimerudi, niache dawa?

Barua nyingi safari hii zinahusu alopesia areata, ugonjwa ambao kinga ya mwili huigeukia mizizi ya nywele na kuzipukutisha.

Nimemeza barisitinibu mwaka mzima, nywele zimejaa. Niache sasa?

Tafadhali usiache bila kuzungumza na daktari wako wa ngozi. Dawa hii, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa watu wazima wenye ugonjwa mkali, haiung'oi ugonjwa. Inazuia vimeng'enya vya JAK, ambavyo chembe za kinga huvitumia kuitana zikashambulie mizizi. Ukiiondoa, mawasiliano hayo hurudi. Katika majaribio, wengi waliosimamishiwa dawa walipoteza nywele tena. Kinachowezekana ni kupunguza dozi, kwa mfano kutoka miligramu 4 hadi 2, huku mkiangalia. Wengine huhimili, wengine hurudishwa kwenye dozi ya mwanzo. Najua kumeza kidonge kila siku ukiwa na nywele kichwani kunachosha, lakini nywele hizo zipo kwa sababu ya kidonge hicho.

Mwezi wa nne huu, sioni kitu. Dawa imeshindwa?

Bado mapema. Kwa dozi ya miligramu 4, baada ya wiki 36 ni takriban theluthi moja tu ya wagonjwa waliokuwa wamefikia nywele kwenye asilimia 80 au zaidi ya kichwa, na wapo waliochelewa kuliko hapo. Chungulia karibu na dirisha: mara nyingi hutangulia nywele za malaika, laini na nyeupe, ambazo kwenye picha za kawaida hazionekani. Rangi hufuata baadaye. Piga picha kila mwezi, mahali palepale, kwa mwanga uleule.

Vipimo vya damu kila mara vya nini?

Kwa sababu dawa inapunguza makali ya kinga. Kabla ya kuanza hupimwa kifua kikuu na homa ya ini. Baadaye chembe za damu, ini na mafuta. Mwambie daktari kama unavuta sigara, umewahi kuganda damu, au unapanga ujauzito. Chanjo zenye vimelea hai, usichome ukiwa kwenye dawa.

Mwanangu wa miaka 8 ana duara moja lisilo na nywele. Majirani wanasema mapunye.

Mpeleke akapimwe, maana tiba ni tofauti kabisa. Mapunye kwa kawaida huacha magamba. Alopesia huacha ngozi laini, na pembezoni utaona vinywele vifupi vilivyokonda kuelekea chini. Baka moja mara nyingi hujaa lenyewe ndani ya mwaka, au husaidiwa na krimu ya steroidi. Vidonge si vya hatua hii. Hata ritlesitinibu, dawa nyingine ya kuzuia JAK, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, huanzia miaka 12.

Je, nilijiletea mwenyewe kwa mawazo?

Hapana. Asili yake ni kinga ya mwili na urithi. Ukihitaji mtu wa kuongea naye, muombe daktari akuelekeze kwa mshauri. Hiyo nayo ni sehemu ya matibabu.